Kilio cha Gari la Maziwa

Garsen
Jumatatu, 9 Juni 2025

Everline mwenzangu,

Salaamu nyingi kutoka kwa Waorma wako. Idi imepita salama, tumekula nyama hadi tumechoka, na fungu lako nililila mimi kwa niaba yako. Wewe endelea na samaki wako wa Mombasa.

Najua utashangaa kupata karatasi kwa mkono wa utingo wa basi. Lakini si ni wewe uliyenikatia simu juzi? Ulisema huko gereji kuna kelele, na mimi naongea kama mtu anayekimbizwa na nyati, nikae chini nikuandikie jambo moja baada ya jingine. Basi nimekaa chini. Usije ukalalamika kwamba ni ndefu.

Unajua tangu Aprili mimi ndiye dereva wa kikundi chetu cha maziwa. Lile pikapu dogo jeupe la umeme tulipewa na kampuni ya huko kwenu kwa majaribio. Mwisho wa mwezi huu wanakuja kulikagua. Likiwa zima na kazi imefanyika, linabaki mikononi mwetu moja kwa moja. Likiwa na hitilafu linarudi Mombasa, na maziwa yetu yanarudi kwa Mukhtar dalali na bodaboda zake, yule anayekuja saa anayotaka halafu anatuambia maziwa yameharibika hali bado yana joto la ng'ombe. Nami narudi nyumbani kumsikiliza kaka yangu Adan akisema alijua tangu mwanzo kwamba nitashindwa.

Sasa gari linalia.

Nikikanyaga mafuta (nitaendelea kuyaita mafuta ingawa gari halina hata tone) linatoa sauti nyembamba, kali, kutoka nyuma, kama mbuzi aliyebanwa mguu mlangoni. Alfajiri nikienda mabomani gari likiwa tupu, kimya. Akina mama wanapakia madebe na kuyafunika magunia yaliyoloweshwa maji ili maziwa yasipate moto. Mimi wakati huo nakunywa chai, maana Mama Nasteha, mwenyekiti wetu, hataki dereva asogee karibu na maziwa. Anasema nanuka vumbi. Tunaondoka kimya vilevile. Jua likishapanda, tukiwa katikati ya njia, kilio kinaanza, na tukiingia Garsen soko zima linajua tumefika. Juzi Mukhtar alisimama mbele ya duka lake akaniambia, "Msichana, huyo ndama wako mnyonyeshe basi." Watu wakacheka. Nilicheka pia, lakini moyoni nilitamani kumkanyaga.

Wewe ndiye unayejua magari haya. Tena gereji yenu ndiyo inayoyatengeneza magari ya kampuni hiyo, kwa hiyo nakuomba na kukusisitiza: usimwambie mtu yeyote. Nisaidie kimyakimya.

Wako wa kitanda cha juu bwenini,
Qabale Bule


Mombasa
Jumatano, 11 Juni 2025

Qabale, mla fungu langu,

Barua yako ilifika ikiwa na alama ya chai ya utingo. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi.

Lingekuwa gari la petroli ningekwambia ni mkanda wa feni, tukamaliza. Lakini hili halina mkanda, halina feni ya kupigia kelele, halina injini. Nyuma kuna mota, kuna gia moja tu, na kuna shafti mbili, moja inakwenda gurudumu la kushoto na nyingine la kulia. Kwa hiyo vitu vya kushukiwa ni vichache, nasi tutavihoji kimoja kimoja kama afande.

Kwanza, usinieleze linalia "nikikanyaga" halafu ukaishia hapo. Endesha kwa mwendo ule linapolia, kisha ondoa mguu ghafla. Gari likiwa bado linakwenda, sauti inaendelea au inakatika? Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote. Kitu kibovu kinachozunguka na gurudumu hakijali mguu wako uko wapi, kitapiga kelele mradi gurudumu linazunguka. Kikinyamaza unapoachia, basi kinalia kwa sababu ya nguvu, si kwa sababu ya mwendo.

Pia litoe siku moja saa sita mchana likiwa tupu, jua kali, ulikanyage vilevile. Nataka kujua kama ni joto peke yake au ni joto pamoja na mzigo. Halafu uniambie kilio kilianza lini hasa, na kabla ya hapo nani alifanya nini kwenye gari. Waulize wote. Magari mengi yanayoletwa hapa yameumizwa na mtu aliyetaka kusaidia.

Na siri yako ninayo. Mama anakusalimu kutoka Ngao, anasema ukipita na hilo gari lako umpelekee maziwa, naye atakupa ndizi.

Everline


Garsen
Ijumaa, 13 Juni 2025

Everline,

Nimefanya kila ulichosema, na sasa watu wa Garsen wana hakika nimerukwa na akili.

Hapa kwetu hakuna mlima, hata kichuguu tunakihesabu, kwa hiyo nilitumia ule mwinuko wa kupandia daraja. Nilipanda na mzigo wa maziwa, nikakanyaga, likalia. Nikaondoa mguu. Likanyamaza papo hapo, mwendo ukiwa bado mkubwa. Nikakanyaga tena, likalia tena. Nilikuwa kama mtoto anayechezea king'ora. Askari wa kizuizi cha barabarani alinisimamisha akaniuliza kama niko sawa nyumbani.

Saa sita mchana, tupu, jua la kutoa mtu ubongo: kimya. Nilikanyaga hadi mwisho, kimya. Kwa hiyo kinataka vyote viwili, mzigo na jua.

Kilianza mwisho wa Mei, mvua ilipokatika. Aprili yote na karibu Mei yote gari lilikuwa kama paka, tulipita kwenye matope na maji bila hata mlio.

Na kuhusu aliyeligusa, niliwaita akina mama wote jana jioni. Niliwauliza mmoja mmoja mbele ya wenzake: nani amegusa gari? Nani amefungua kitu, amegonga kitu, ametia kitu? Hakuna. Mama Nasteha alikasirika kabisa. Alisema, "Mimi gari sijashika. Wallahi, hata mlango wake mimi nafunga kwa kiwiko." Sikuona sababu ya kumshuku, mama yule akiapa ameapa.

Everline, siku hizi naendesha polepole ili lisilie. Nikikanyaga kidogo tu halilii. Lakini nikienda polepole tunachelewa, na tukichelewa maziwa yanachachuka. Jana mwenye hoteli pale stendi amenirudishia madebe mawili mbele ya watu. Mama mmoja alibeba debe lake akarudi nalo bila kusema neno, na lile neno asilosema limeniumiza kuliko angenitukana. Naogopa. Nakuambia wewe tu.

Qabale


Mombasa
Jumatatu, 16 Juni 2025

Qabale,

Hongera kwa kupimwa akili na askari. Vipimo vyako ni vizuri kuliko vya vijana wengine hapa.

Basi ni hivi. Likinyamaza unapoachia, si breki, si jiwe lililoingia kwenye gurudumu. Kelele inatoka mahali panapobeba nguvu. Inataka mzigo, na inataka joto, kwa maana jua likishakuwa kali ndipo inaanza. Nimefikiri siku mbili na sioni kingine: ni beringi ya mota. Grisi yake imekwisha au imeingia maji wakati wa mvua. Ikiwa baridi inavumilia, ikipata moto na mzigo chuma kinasaga chuma.

Jambo hili si la mzaha. Beringi ya namna hiyo ikikwama ukiwa kasi, gurudumu la nyuma linaweza kusimama lenyewe. Tafadhali usibebe mzigo mkubwa na usikimbize. Ikiwezekana usiliendeshe kabisa kwanza. Najua ni jambo gumu ninalokuomba.

Nitakuandikia zaidi baadaye wiki hii.

Everline


Garsen
Alhamisi, 19 Juni 2025

Everline Kotile,

Nimeandika jina lako lote ili ujue nina hasira.

Leo asubuhi wamenipigia simu kutoka kampuni. Mtu mpole sana, sauti ya asali. Anasema wamepata taarifa kutoka gereji kwamba mota yetu ina tatizo la beringi, wanatushukuru kwa ushirikiano, na Jumanne lori litakuja Garsen kulichukua gari. Ushirikiano gani? Nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Nilimwambia na kumsisitiza.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva, gari limezimwa, nikalia mimi badala yake.

Nimewaambia akina mama. Mama Nasteha akaniuliza kama ng'ombe akikohoa huko Mombasa wanamchukua ng'ombe na lori. Adan naye alikuwepo. Hakusema alijua. Alisema tu, "Pole, Qabale," na nikajua kwamba mambo ni mabaya kweli.

Sasa sikia, kwa kuwa wewe ndiye mwenye majibu yote. Jana debe lilifunguka njiani. Maziwa yote yakamwagika nyuma, yakachuruzika hadi chini ya gari. Tulikuwa tumeshafika mahali ambapo hulia kila siku, na lilikuwa limeanza kulia. Baada ya maziwa kumwagika likanyamaza. Nilikanyaga kwa hasira kwa sababu ya hasara ile, na mzigo uliobaki ulikuwa bado mkubwa. Halikulia hata kidogo hadi Garsen. Mama Nasteha akasema, "Umeona? Lilikuwa na njaa." Wote wakacheka isipokuwa mimi.

Hiyo beringi yako inakunywa maziwa?

Usinijibu kama huna cha kusema.

Qabale


Mombasa
Ijumaa, 20 Juni 2025

Qabale,

Barua hii nampa utingo wa basi la jioni, na nimemwambia asipoifikisha mkononi mwako kesho asubuhi nitamfuata hadi kwao.

Ni kweli nilimwambia Gershom, msimamizi wangu. Nilikuona kichwani mwangu uko kasi karibu na daraja, gurudumu linakwama, na mto uko pale chini. Sikulala. Nilipima siri yako na uhai wako, nikachagua. Ningechagua vilevile leo. Lakini kosa langu liko hapa: nilipaswa kukuambia wewe kwanza kwamba nimesema, na sikukuambia kwa sababu niliogopa hasira yako. Nisamehe kwa hilo. Hilo peke yake.

Na kosa la pili ni kubwa zaidi. Nilikosea ugonjwa.

Beringi ya mota imefungwa ndani ya chuma, haiwezi kuonja maziwa wala maji. Nilipofika pale kwenye maziwa yako nilisimama, nikaisoma tena barua yako ya kwanza. Magunia, Qabale. Mnapoondoka magunia yamelowa, yanadondosha maji chini, na gari liko kimya. Jua likipanda magunia yanakauka, na gari linaanza kulia. Wakati wa mvua kila kitu kimelowa, kimya mwezi mzima. Mvua ikakatika, kilio. Nilidhani ni joto. Si joto. Ni ukavu. Kuna kitu huko chini, nje ya mota, kinachosuguana na kingine, na kikilowa kinateleza bila sauti.

Kwa nini mzigo? Kwa sababu gari likibeba linakaa chini nyuma. Na ukikanyaga linakaa chini zaidi, kama punda anayesukumwa akajikaza kwa miguu ya nyuma. Kitu kilichokuwa hakigusi kingine sasa kinagusa. Ukiachia mguu, nyuma inainuka na vinaachana.

Kwa hiyo fanya hivi kesho kutwa, Jumapili. Jaza madebe maji ya mto, usitumie maziwa ya watu. Yapakie makavu, bila magunia. Nenda kwenye mwinuko wako wa daraja na ndoo. Mwagia gurudumu la kushoto la nyuma peke yake, kisha panda na ukanyage. Likilia, shuka, mwagia la kulia, panda tena. Likilia, mwagia katikati, chini ya bodi ya kubebea mzigo, penye mota na shafti. Usiogope maji, mota hiyo imepita kwenye madimbwi mengi kuliko wewe. Pale utakapomwaga likanyamaza, ndipo pa kuingiza kichwa na tochi.

Nimemweleza Gershom. Amesema lori limeshapangwa na haliwezi kuzuiwa kwa sababu ya debe la maziwa. Yeye mwenyewe anakuja nalo. Si mtu mbaya, lakini anaamini masikio yake tu.

Tafuta, Qabale.

Everline


Garsen
Jumatano, 25 Juni 2025

Everline wangu, Mpokomo wangu, fundi wangu,

Sijakupigia simu tangu Jumapili, makusudi. Nilitaka ujute kidogo. Nadhani umejuta vya kutosha, kwa hiyo keti nikusimulie yote kwa mpango, jambo moja baada ya jingine kama unavyopenda.

Jumapili tulikwenda darajani, mimi na Mama Nasteha na madebe ya maji. Yeye alikuja kwa sababu hakuamini kwamba naweza kupakia bila yeye, nami nikamwacha apakie. Nikamwagia gurudumu la kushoto, nikapanda mwinuko, likalia. Nikamwagia la kulia, likalia. Nikajilaza kando ya gari, nikamwaga ndoo nzima katikati, chini ya bodi. Nikarudi kwenye usukani. Nikakanyaga hadi mwisho.

Kimya.

Nilikwenda hadi ng'ambo ya pili ya daraja nikiwa nimekanyaga, kwa sababu sikutaka kuachia. Halafu nikageuza, nikasimama, nikaingia chini na tochi hadi nguo zote zikawa tope. Na nikaona.

Everline, gari limefungwa kwa ukanda tumboni.

Ukanda wa ngozi ya ng'ombe, mpana kama kiganja. Unatoka juu ya madebe, unateremka ubavuni mwa gari, unapita chini ya bodi na kupanda ubavu wa pili. Umekaa kama tunavyomfunga punda tukihama, ukanda chini ya tumbo ili mzigo usielekee matakoni. Pale chini unapita juu kidogo tu ya shafti ya kushoto. Gari likiwa tupu hauigusi. Likibeba, nami nikikanyaga, bodi inainama na ukanda unalalia shafti inayozunguka. Ngozi imelika karibu nusu, na shafti pale imesuguliwa hadi inang'aa. Magunia yamekuwa yakiufunika kwa juu kila siku, nami nakunywa chai.

Nilitoka chini ya gari nikamwonyesha Mama Nasteha. Aliinama, akatazama, akasema, "Ndiyo, hiyo mimi nimefunga. Mwezi wa nne, ile siku debe limeanguka."

Nikamwambia, "Mama, si uliapa hujagusa gari?"

Akanitazama kama ninayemkosea adabu. "Gari sijashika. Mimi nimefunga mzigo."

Na alikuwa anasema kweli. Nimefikiri sana jambo hilo. Mtu akikuuliza kama umemfanya punda wake kitu, huwezi kujibu kwamba umemfunga mzigo. Kufunga mzigo si kumfanya kitu. Mimi ni Muorma kama yeye, nimefunga punda tangu nikiwa mdogo, na sikulifikiria hilo hata mara moja, kwa sababu nilipopewa leseni nilianza kuuliza maswali ya kidereva. Tulikaa pale kando ya barabara tukacheka hadi mwenzangu akashika mbavu. Halafu alikata ule ukanda kwa kisu chake mwenyewe, na nikaona hakufurahi kuukata, ulikuwa ukanda mzuri. Tukafunga upya, ncha zote kwenye vyuma vya pembeni mwa bodi, hakuna kinachopita chini. Tukapanda daraja madebe yakiwa makavu kabisa, mzigo wote. Kimya tena.

Sikumpigia Gershom. Uliniambia anaamini masikio yake, basi nikasema ayalete.

Alifika jana asubuhi na lori refu la kubebea magari. Mwanamume mnene, shati limepigwa pasi, anazungumza kama anahesabiwa maneno. Nikamsalimu, nikampa maziwa. Akanywa, akashukuru, akamwambia dereva wake ateremshe njia za kupandishia gari. Nikamwambia polepole, "Bwana Gershom, kuna akina mama wanasubiri bomani na maziwa ya leo. Tusiwaache. Panda nami tukayachukue, tukirudi utalipandisha." Alitazama saa. Akapanda.

Nilimwonyesha shafti na ukanda uliokatwa kabla hatujaondoka. Alivishika, akavigeuza. Mabomani Mama Nasteha alipakia, na nikamwambia leo asiweke magunia. Alinung'unika kidogo lakini akaelewa. Tukaondoka na jua limeshachomoza vizuri, madebe makavu, gari limekaa chini nyuma.

"Kanyaga," akasema Gershom.

Nikakanyaga.

"Zaidi."

Nikaongeza. Alikuwa ameteremsha kioo, ametoa kichwa nje, sikio limeelekea nyuma. Barabara ilikuwa tupu mbele yetu, pande zote mbili nyasi za kijani kwa sababu ya mvua iliyopita, na ng'ombe wakainua vichwa kututazama.

"Zaidi, mama."

Kumbe ni yeye aliyetaka. Nikakanyaga hadi mguu ukafika mwisho. Everline, hili gari lina nguvu ambazo sikuwa nimezionja tangu Mei, nilikuwa naliendesha kama naliuguza. Liliruka mbele. Gershom akarudisha kichwa ndani, akashika mpini wa mlango kwa mikono miwili, na shati lake lile la pasi likaingia vumbi lote la Tana. Nyuma hapakuwa na kilio chochote. Niliimba kwa sauti. Yeye hakuniambia ninyamaze.

Tulipokaribia Garsen aliniambia sasa inatosha. Halafu akasema, "Everline aliniambia kwamba si beringi. Nikamwambia anaongea kwa urafiki." Nikamjibu kwamba Everline haongei kwa urafiki, mimi ndiye ninayejua, barua zake zote ni amri tupu. Alicheka hapo kwa mara ya kwanza.

Sokoni sikupunguza mwendo kama nilivyozoea. Niliingia kama mtu anayeingia kwake. Watu waligeuka kwa sababu hawakusikia kitu, na walikuwa wamezoea kusikia. Mukhtar alikuwa amesimama mbele ya duka lake tayari na maneno mdomoni, nikaona maneno yanakosa mahali pa kwenda. Mwenye hoteli wa stendi alionja debe la kwanza, akaonja la pili, akachukua yote. Maziwa yalikuwa bado na uvuguvugu wa ng'ombe.

Gershom alipiga simu kampuni akiwa amesimama kando ya banda letu, mbele yetu sote. Nilisikia upande wake tu. Alisema mota ni nzima. Alisema hitilafu haikuwa ya gari na imeshaondolewa. Kisha akasema, "Hapana, hakuna haja ya kusubiri mwisho wa mwezi, mimi mwenyewe nimepanda." Akasikiliza. Akasema, "Kwa dereva huyuhuyu, ndiyo." Kisha akanigeukia, akanipa ufunguo wa akiba, ule waliokuwa wanakaa nao Mombasa tangu mwanzo.

Mama Nasteha ndiye aliyeanza vigelegele. Yule mama aliyebeba debe lake bila kusema neno alikuja akanishika uso kwa mikono miwili. Adan alisukuma watu akafika mbele, akaniomba ufunguo auone, akaushika, akanirudishia. Alisema anataka nimfundishe kuendesha. Nimemwambia aanze kwa kujifunza kupakia, na mwalimu wake ni Mama Nasteha.

Mukhtar alikuja baadaye watu walipopungua, amevaa uso wa upole. Anasema ana maziwa ya watu wake upande wa Galili, bodaboda zinayachelewesha, kama gari lina nafasi. Nilifurahi, Everline, sitakuficha, nilifurahi hadi vidole vya miguu. Nikamwambia nafasi ipo, apange foleni nyuma ya akina mama.

Umekosea mara moja na umepatia mara moja, na uliyopatia ndiyo iliyotubakishia gari. Hasira zangu zimekwisha. Hata ile ya siri imekwisha. Mtu anayekosa usingizi kwa ajili yangu simwachi. Ukija likizo utakaa kiti cha mbele, tutapita Ngao kwa mama, nitakanyaga hadi uombe msamaha tena.

Lori liliondoka Garsen alasiri, tupu, minyororo yake ikigongagonga barabarani hadi kizuizini. Gari letu liko bandani, linachaji kwa safari ya kesho.

Wako,
Qabale Bule
Dereva, Garsen